Mkwe Wangu na Gari Lililozamishwa Uani

Mkwe wangu mshonaji ana shingo ngumu, na ndiyo maana nampenda. Mumewe, mwanangu wa mwisho, alipofariki alimwachia cherehani, watoto wawili na gari la kupelekea sare kwa wateja, kuukuu kunishinda mimi, nami nilikuwepo jua likifundishwa kuchomoza.

Wiki chache baada ya msiba gari likagoma kuwaka. Mwanangu mkubwa akasema limemfuata mwenyewe, akaita lori la vyuma chakavu bila kumuuliza mtu. Mkwe hakulia. Aliweka mkasi chini, akamwambia mwenye lori asubiri, akafungua boneti.

"Shemeji, hiyo kazi ya gereji," mwanangu akasema.

"Gereji haijalala na mwenye gari. Mimi nimelala naye, na hata usingizini alikuwa akitaja plagi tu."

Akachomoa plagi moja, akairudishia waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nizungushe ufunguo. Injini ikazunguka, lakini hakuna cheche. Akashika kwa kitambaa kikavu waya mnene utokao kwenye koili inayozalisha umeme wa cheche, akausogeza karibu na chuma. Nikazungusha tena. Iliruka cheche ya buluu, jogoo wa jirani akawika akidhani kumekucha. Basi umeme ulikuwepo, ila ulipotelea njiani, kwenye distribyuta inayougawa kwa plagi zote.

Akafungua kifuniko chake. Maji niliyoyaona humo, ningekuwa na ndoana ningevua samaki.

"Nani anaosha injini?"

Mwanangu akatazama viatu vyake. Kumbe kila wiki alikuwa akilipiga gari lile mpira wa maji, mpaka ndani ya boneti. Alisema alikuwa akimwoshea mdogo wake. Mimi mama yao nikageukia ukutani.

"Nimekuelewa, shemeji," mkwe akasema. "Lakini gari ni langu, na halijafa. Wewe umelizamisha."

Akakausha kifuniko kwa kitambaa, akakishikilia juu ya pasi ya moto mpaka unyevu ukaisha, akakirudisha. Gari likakohoa, likapiga chafya iliyong'oa kofia ya mwenye lori, likanguruma.

Mkwe akapakia sare zake kiti cha nyuma, kisha akamkabidhi shemeji yake mpira wa maji.

"Mikono ikikuwasha, osha lori la huyu."

Akatoka getini akipiga honi mpaka kona. Mwanangu naye akaliosha kweli, injini na yote. Lori liko hapo getini hadi leo.