Sifuri Aliyoitupa Paskalia

Paskalia Mkude alipokwenda Kihonda kwa usaili wa tatu, alikuwa ameshapatana na mama yake: akikosa na hapa, anarudi kijijini kwao Nyandira kulima viazi, na habari za kompyuta ziishie hapo. Mara ya kwanza alikwama, ya pili akakwama, tena kwenye swali lile lile. Waajiri wa siku hizi wana ugonjwa wa kupenda namba zilizopangwa. Unaomba kazi ya kutengeneza programu za maduka ya dawa, wanakupa namba zilizovurugika, uandike maelekezo ya kompyuta kuzipanga, ndogo mwanzo, kubwa mwisho. Kule chuoni Mzumbe Paskalia alikariri mbinu sita, na mara zote mbili zilimpotea kichwani.

Msaili wa Kihonda, kaka mmoja mpole aitwaye Godlisten, akampa namba kumi. Safari hii Paskalia aliachana na ya kukariri. Akaifikiria sakafu ya kwao siku ya kuchambua viazi. Mama yake, Angelina, hashindanishi kila kiazi na kila kiazi. Anachukua kimoja cha wastani, anakiweka mbele yake. Vidogo vinakwenda kushoto, vikubwa kulia, kisha kila fungu analichambua upya vivyo hivyo, mpaka vya mbegu na vya kuuza vinajitenga vyenyewe. Paskalia akaandika hivyo hivyo, na kompyuta ikatii.

Godlisten akazihesabu kwa kidole.

"Zimeingia kumi, zimetoka tisa. Sifuri iko wapi, dada?"

Paskalia akasoma alichoandika. Kweli, mstari wa kwanza kabisa ulikuwa unaiondoa sifuri, na ni yeye aliyeuandika, mkono ukienda kwa mazoea. Angeweza kuisingizia kompyuta, wengi husingizia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nimeitupa," akasema. "Kwetu kiazi kibovu hakipangwi, kinatupwa kabla hujaanza kuchambua. Nimeiona sifuri, nikaona kibovu."

Godlisten hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba dawa ikiisha dukani, hiyo sifuri ndiyo mwenye duka anayoitafuta kabla ya namba nyingine zote. Paskalia akaufuta ule mstari, sifuri ikakaa mbele ya wenzake. Akaambiwa asubiri simu.

Simu ilimkuta Nyandira siku ya Jumamosi, amekaa sakafuni na mama yake, viazi katikati yao. Alikuwa amemsimulia yote, na mama alicheka sana kusikia kwamba mtu anasoma chuo kikuu ili akaulizwe kuchambua. Godlisten alisema kwa ufupi: aanze kazi Jumatatu. Paskalia alifurahi mpaka akasahau kuaga, akakata simu na kumwambia mama.

Mama akashukuru Mungu, akampa mkono wenye udongo. Kisha akaligeukia lile lundo kubwa la viazi.

"Nimesali rozari mwezi mzima upate hii kazi," akasema. "Kumbe nilikuwa naomba nibaki na viazi peke yangu."

Paskalia alisogea upande wa mama. Akachukua kiazi kimoja cha wastani, akakiweka mbele yao wote wawili.