Mzigo Ukae Karibu na Mgongo

Siku ya mwisho ya likizo yetu tulimwaga kila kitu barazani kwa kina Hamisi, kijijini Munje, tukaanza kufunga mashanta upya. Shanta ni begi kubwa la mgongoni, lile ambalo askari hutia maisha yake yote ndani anapoingia msituni kwa siku kadhaa. Langu lilikuwa limenichubua mabega katika doria iliyotangulia, na Hamisi alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika.

Mama yake alitoka jikoni akitaka kupita, akakuta hakuna pa kutia mguu.

"Mnahamia wapi ninyi, na nyumba yote iko nje?"

"Namfundisha Mkamba huyu kufunga mzigo, mama," Hamisi alijibu.

"Mfundishe mbali na mlango wangu."

Kwetu ni kwenye mashamba waliyogawiwa walowezi kutoka bara, juu kidogo ya Msambweni. Babu yangu alitoka Ukambani kutafuta ardhi, akabaki. Hamisi alikuwa Mdigo, mtoto wa mvuvi, aliyekua akipakia na kupakua chombo cha babake. Tulisoma darasa moja, tukaandikwa jeshini siku moja, na kwa bahati tukapangwa kikosi kimoja. Alikuwa na mdomo mrefu huyo, lakini ukifika kwenye mzigo alikuwa hana mchezo.

Mfuko wa kulalia unakwenda chini kabisa, kwa kuwa hutauhitaji mpaka mchana uishe. Vitu vizito, yaani maji, risasi za akiba na betri za redio, vinakaa katikati kuelekea juu, vikigusana na mgongo. Nguo zikishafungwa kwenye plastiki zinaziba nafasi zilizobaki, ili kitu kisitembee ndani. Bendeji zinakaa juu, mahali ambapo mwenzako atazipata bila kukuuliza. Mimi nilikuwa nimetia maji yote katika mifuko ya nje, nipate kunywa kwa raha zangu.

"Ndiyo maana linakuvuta nyuma," Hamisi alisema. "Mzigo ukae karibu na mgongo. Ukikaa mbali unaubeba mara mbili."

Kisha akanivisha. Jeshini hakuna anayejivisha shanta mwenyewe, angalau hakuna mwenye akili. Mwenzako ndiye anayeuona mgongo wako. Alilegeza mikanda yote, akaniambia niiname, akakaza wa nyonga kwanza ili uzito ukae kwenye mfupa. Mikanda ya mabega ikafuata, na ule wa kifua ukawa wa mwisho. Akapenyeza vidole chini ya kila mkanda kupima. Akaniambia niruke. Sufuria ikalia ndani, tukafungua tena kila kitu. Mchana wote ulipita hivyo, na nilifurahi, ingawa wakati ule sikuona kama ni jambo la kufurahia.

Wiki chache baadaye tulikuwa kaskazini, karibu na mpaka, tukiwafuata watu waliokuwa wakichoma vijiji. Msitu wa huko ni vichaka na miiba, na njia ni za wanyama. Tulitembea mmoja nyuma ya mwingine, Hamisi mbele yangu. Shanta langu halikunivuta nyuma.

Asubuhi ya siku ya tatu risasi zilitoka upande wa kushoto.

Nilijikuta niko chini. Sikumbuki kujitupa.

Hamisi alikuwa ameketi katikati ya njia. Alilishika paja lake kwa mikono miwili.

Tulijibu risasi mpaka zikanyamaza. Nilizitoa bendeji juu ya shanta lake bila kumwuliza, nikamfunga paja, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Damu ikapungua lakini haikukoma.

Sajini wetu alizungumza kwa redio. Helikopta isingeweza kushuka kwenye miti ile. Gari lenye daktari lingetusubiri kwenye uwazi, upande wa pili wa msitu. Tukimfikisha kabla ya adhuhuri, sajini alisema, ataishi. Machela ilihitaji watu wanne, na njia haikutosha hata watu wawili bega kwa bega.

"Mwaga shanta lako," Hamisi aliniambia. "Unipakie mimi."

Hakuna aliyecheka. Njia hiyo ya kubeba majeruhi tulikuwa tumefundishwa sote, ila hatukuwahi kuifanya kwa mtu aliyeumia kweli. Nilimwaga vitu chini. Wenzangu wakagawana maji yangu na risasi, na nguo na mfuko wa kulalia vikabaki pale kwenye majani. Tuliipitisha miguu yake ndani ya mikanda ya mabega, nami nikachuchumaa na kuivaa mikanda ileile, yeye akiwa ameketi juu ya begi tupu, kifua chake mgongoni mwangu.

"Nyonga kwanza," alisema sikioni mwangu.

Nikakaza nyonga kwanza. Sajini akanivuta mikono, nikasimama.

Mwanzoni alizungumza. Aliniambia niiname kidogo, nikainama. Aliniuliza kama ananielemea.

"Nyamaza, usichoke."

"Anayebeba ni wewe, kisha nichoke mimi?"

Baadaye aliomba maji, sajini akamnywesha. Kisha nikawa nasikia pumzi zake tu, na baadaye nikawa nazisikia zangu. Miiba ilinichana mikono. Nilitazama visigino vya aliyekuwa mbele yangu na sikufikiri kitu.

Mtu aliye hai hujishikilia. Hata akiwa dhaifu, ukikata kona anakata nawe.

Mzigo ulihama.

Uliegemea kushoto, taratibu, ukabaki hukohuko. Mkanda wa kushoto ukalegea begani.

Nikaukaza. Nikaendelea kutembea.

Tulipofika kwenye uwazi gari lilikuwepo, na adhuhuri ilikuwa bado. Sajini alikuja nyuma yangu, akatazama, akavua kofia.

"Mshushe, Mutua."

Nikamwambia ngoja kwanza daktari aje. Daktari alikuwa amesimama mbele yangu tayari.

Walifungua mikanda wao. Nilikunywa maji mengi. Sikulia. Nilingoja kilio, nikijua ni lazima kije, nacho hakikuja siku ile wala baada yake. Hamisi alirudishwa nyumbani kwa ndege na kuzikwa Munje, nasi tukarudi msituni kuwafuata watu walewale, ambao hatukuwapata. Nilipewa shanta jipya. Nililifunga vizuri.

Jeshi nililiacha miaka mingi iliyopita. Siku hizi nalima, na wageni wa Diani wakitaka kulala kwenye vilima vya Shimba huniita niwaongoze. Mimi ndiye ninayewavisha mabegi, nyonga kwanza, nikipenyeza vidole chini ya mkanda. Hunisifu kwamba nimetulia. Sijatulia, ni kwamba tu sihisi kitu, na sina namna ya kulieleza jambo hilo kwa mtu anayetaka kupigwa picha.

Kwa mama yake Hamisi nilikwenda likizo ya kwanza baada ya mazishi. Nilitoka barabara kuu mpaka Munje kwa miguu, nikitafuta maneno njia nzima. Nilimkuta peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nilikaa. Nikasema pole, naye akasema ni mipango ya Mungu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kama Hamisi aliumia sana, kama alisema neno la mwisho, kama tungeweza kwenda kwa haraka zaidi.

"Nimeambiwa ndiwe uliyembeba."

"Ndimi, mama."

Alinitazama mabega, kwanza moja, kisha la pili.

"Alikuwa mzito?"

Niliona nimwambie kwamba hakuwa mzito, kama watu wanavyosema. Lakini mgongo wangu ulikuwa bado unauma.

"Alikuwa mzito sana, mama."

Alishusha pumzi, akaegemea ukuta.

"Alhamdulillah," alisema. "Alipoondoka kwangu mara ya kwanza alikuwa mifupa mitupu. Basi huko alikuwa anakula."

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anakula vizuri. Na ilikuwa kweli.