Mizani Iliyompongeza Rosalia

Chausiku ana fremu ya duka Chamazi, ukuta kwa ukuta na yangu ya cherehani, na kwa miaka sita sijamwona akikosea bidhaa ila mara moja. Anauza vitu vya nyumbani vya umeme na vya kuchaji, vile vinavyoshuka Kariakoo kwa makatoni huku kila anayevishusha akiapa kwamba ndivyo vitakavyotubadilishia maisha. Yeye haapi. Akipata kitu kipya anachukua kimoja, anakipeleka nyumbani kwake na kukiacha wiki nzima bila kusema lolote, kisha anaangalia kama kuna mtu atakayekishika mara ya pili.

Mashine ya kukatia mboga ilishikwa mara moja. Ilikata vitunguu kwa sekunde tano, halafu wifi yake akakaa nusu saa anasugua vile visu vyake vidogo kwa mswaki, na kesho yake akarudi kwenye kisu. Chausiku hakuagiza. Feni ya kuchaji ilibahatika, umeme ukakatika siku ya pili, na kufika siku ya nne watu wa nyumba ile walikuwa wananuniana kwa ajili yake. Akaagiza katoni tatu. Taa ya duara ya kujipigia picha ndiyo iliyomsumbua, maana hakuna aliyejipiga picha nayo, ila mdogo wake anayeuza chipsi aliiazima jioni moja akaifunga juu ya karai. Siku hizi ukipita barabara yetu kuanzia saa kumi na mbili utadhani viazi vinahojiwa na televisheni. Chausiku aliziuza zote kwa wakaanga chipsi na vinyozi.

Mara hiyo moja aliyokosea ilitokana na kusifiwa. Alikwenda stoo kwa Fransis, kijana wa Kariakoo anayemuuzia mzigo, na Fransis akamwomba apande juu ya kimizani cha kioo kilichokuwa sakafuni. Kikatoka kisauti cha mwanamke, Kiswahili safi kama cha mtu anayetangaza ndege: "Kilo sabini na moja. Hongera, umepungua kilo nne." Mwezi ule Chausiku alikuwa amejinyima chapati. Hakuna aliyekuwa ameligundua hilo, hata mumewe, na sasa limegunduliwa na kioo. Akachukua mizani arobaini palepale, bila wiki ya majaribio wala nini.

Asubuhi yake, siku ya Jumanne, aliweka moja mlangoni, juu ya ubao, akapanda yeye kwanza ili kuipasha moto. Kisha akamwita Badru, muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara. Badru akavua ndala na kupanda kwa heshima zote.

"Kilo themanini na moja," ikasema. "Umeongezeka kilo kumi. Jitahidi."

Sauti haikuwa na mahali pa kuipunguzia. Wakala wa kutuma pesa aliyekaa hatua thelathini kutoka pale aliinua uso. Badru akashuka taratibu, akaeleza kwamba mifukoni mwake kulikuwa na vipande vya mkaa, akarudi kwake.

Aliyemfuata ni Rosalia. Huyu ni mke wa Wilfred, fundi wa vigae, watu wa Masasi, wamepanga nyumba ya tatu kutoka hapa. Alikuwa anatoka gengeni. Akaweka nyanya chini, akapanda, na ile sauti ikamwambia kwa furaha kabisa: "Kilo sitini na mbili. Hongera, umepungua kilo kumi na tisa."

Kwetu mtu hapongezwi kwa kupungua. Mtu akipungua anaulizwa kama amekwenda hospitali, na asipoulizwa yeye, anaulizwa jirani yake. Rosalia alishuka akakaa kwenye benchi langu. Alimuuliza Chausiku kama mashine inaweza kukosea, na Chausiku, mwenye mizani thelathini na tisa ndani ya maboksi, akajibu kwamba mashine haina sababu ya kumdanganya mtu.

Mie nilijua si kweli. Rosalia ni mteja wangu na vipimo vyake ninavyo kwenye daftari. Nilitoa futi yangu ya kupimia nguo nikampima kiuno palepale, kipimo kikawa kilekile cha sikukuu ya Pasaka, wala hakikusogea hata nusu inchi. Nikamwonyesha. Akaitazama ile kamba, akanishukuru, lakini nikaona haijamwingia. Futi yangu imeniwekea chakula mezani miaka ishirini, tatizo lake haiongei.

Kufika kesho yake habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Watu walimletea machungwa. Akina mama wa jumuiya walikwenda kusali nyumbani kwake, na mmoja aliyechelewa alianza moja kwa moja na pole ya msiba. Rosalia mwenyewe akaanza kulala mchana. Aliniambia anahisi miguu haina nguvu, na nilipomuuliza tangu lini, alihesabu vidole akasema tangu Jumanne, saa tatu asubuhi. Kuhusu Wilfred, watu waligawanyika. Wengine walisema ana mwanamke Sinza, wengine kwamba anamnyima mkewe chakula. Wilfred alianza kupita mtaani na mifuko ya nyama inayoonyesha kilichomo, aina ile isiyo na rangi, ili kila mtu aone anapeleka nini nyumbani. Haikusaidia. Wakasema ameanza kununua baada ya kugunduliwa.

Sijui nani aliyepiga simu Masasi. Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, waliteremka kaka watatu wa Rosalia na mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano walioununua walipofika Mbagala, wakasema wamekuja kumchukua dada yao kabla hajaisha kabisa. Mkubwa wao ni Cyprian, mwalimu mstaafu wa hesabu, mrefu na mkavu, asiyezungumza mpaka wengine wote wamemaliza.

Kikao kilifanyika ukumbini kwa Wilfred. Niliitwa kwa sababu ya daftari langu, na Chausiku aliitwa aje na mizani. Ilikuja imefungwa kwenye kanga, ikawekwa katikati kama shahidi. Tuliamkiana, shikamoo zikaitikiwa, kisha Wilfred akajitetea. Alitaja walichokula siku kwa siku tangu mwezi ulipoanza. Alipofika kwenye maharage ya wiki ya pili, mdogo wa Cyprian akamkatisha, akasema chakula cha kutajwa hakimnenepeshi mtu.

"Shemeji," Cyprian akamwambia Wilfred, "panda wewe kwanza, tuone kama njaa iko kwa wote au kwa mmoja."

Wilfred akapanda. Kilo sitini na nane. Ikamwambia ameongezeka kilo sita na ajitahidi, na kaka wote watatu wakatazamana. Mume anaongezeka na mke anapungua, hapo kesi ilikuwa kama imekwisha. Rosalia akaanza kulia. Wilfred alishuka, akabaki amesimama na soksi zake mkononi. Alionekana anajiuliza kama kweli amekuwa akila sehemu ya mkewe bila kujua.

Cyprian alisema na yeye apime, kwa kuwa haipendezi kumpima mtu nyumbani kwake halafu mgeni akae tu. Akavua viatu.

"Kilo hamsini na tano. Hongera, umepungua kilo kumi na tatu."

 Cyprian alibaki juu ya kile kioo akikitazama kwa muda mrefu.

"Nimepungua lini?" akauliza.

 Mdogo wake akasema huenda ni njiani, basi lilichelewa kusimama kwa chakula. Cyprian akamwambia apande yeye. Huyu ni mnene, ana duka la vipuri vya pikipiki, na kutoka Masasi walikaa kiti kimoja. "Kilo themanini na nne," ikasema. "Umeongezeka kilo ishirini na tisa. Jitahidi."

"Themanini na nne kutoa hamsini na tano," Cyprian akasema polepole, kama yuko ubaoni. "Hii haimjui mtu. Inamlinganisha kila anayepanda na aliyetoka kushuka." Akamgeukia Chausiku. "Mwanangu, kabla ya Rosalia alipanda nani?"

Chausiku akasema Badru. Akasema kwa sauti ndogo sana. Ndipo alipokitoa kile kijitabu cha maelekezo ambacho hakuwahi kukifungua, na Cyprian, baada ya kuvaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akasoma kwamba mizani hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeishi peke yake.

Ingeishia hapo. Lakini mwalimu hakubali jibu bila kulihakiki, kwa hiyo aliagiza mfuko wa mchele uwekwe juu ya mizani. Ikapongeza kwamba umepungua kilo sitini na mbili, watu wakacheka, na Rosalia akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Cyprian hakucheka. Alikuwa amesikia sehemu ya kwanza, ile ya kilo ishirini na mbili. Mfuko umeandikwa ishirini na tano.

Wilfred, ambaye sasa alikuwa na hamu ya kumtuhumu mtu mwingine yeyote, alikimbia uani akarudi amebeba mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, wa kilo hamsini. Wakauweka. Kilo hamsini, wala gramu haikuzidi. Basi mizani ni nzima. Mwizi ni mchele.

Kikao kilihamia Mbagala chote, katika bajaji mbili. Mie sikwenda, nilikuwa na sare za shule za kumalizia, lakini Chausiku alinisimulia kwamba muuza mchele alianza kwa ubishi, hadi ile sauti ilipotangaza kilo ishirini na mbili mbele ya wateja kumi na moja, kwa upole, bila kumtukana mtu. Akachota kilo tatu mwenyewe akamimina. Aliomba tu wasiipandishe tena juu ya meza yake.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuta wanawake wamekaa kwenye benchi langu wakimsubiri Chausiku afungue. Hakuna aliyetaka kujipima. Mmoja alitaka ya mitungi ya gesi, mwingine ya samaki wa jumla anaowafuata soko la feri. Wengi walikuwa na ishu na mkaa. Mkaa kwetu unauzwa kwa gunia, na gunia lina namna yake ya kunywea mwezi hadi mwezi. Ukiweka gunia la wiki iliyopita, kisha la wiki hii, kile kisauti kinakutajia tofauti bila wewe kupiga hesabu, na mbele ya muuzaji. Badru alishikilia kwa wiki mbili kwamba tangu enzi za baba yake mkaa haupimwi kilo. Wiki ya tatu alikuja kununua mizani yake, akaiweka mlangoni mwa kibanda. Magunia yalipoanza kuambiwa yameongezeka na yajitahidi, wateja waliokuwa wamemkimbia wakarudi.

Mizani arobaini ziliisha. Cyprian alizidi kukaa, maana alikuwa akiitwa nyumba hadi nyumba kusimamia upimaji, na wadogo zake hawakuona vema kumwacha. Rosalia aliwapikia kaka watatu asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu, na walipoondoka aliniletea gauni lake nimpunguzie inchi mbili kiunoni. Hilo hakuna aliyelizungumzia.

Fransis alisikia kwamba mzigo ule, ambao kwa wafanyabiashara wake wote wengine ulikuwa umelala, Chamazi umekwisha. Akaja mwenyewe na gari, safi, amejaa habari njema. Kiwandani wamesikiliza malalamiko, akasema. Mizani mpya haiongei kabisa. Inakumbuka watu wanane tofauti, na uzito wako unakwenda kwenye simu yako kimyakimya, wala jirani hajui. Alikuwa na maboksi mia moja kwenye gari.

Chausiku aliigeuza ile mizani, akaigonga kwa kucha.

"Hii inaongea na nani?" akauliza.

"Na simu yako, dada."

"Sasa Badru atajuaje kama amepunja?"

Fransis hakumjua Badru ni nani. Alieleza tena habari ya simu, akaeleza na betri. Chausiku alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia zile za kelele, zilizowashinda wenzake, azilete zote. Fransis akaandika, uso wake ukionyesha anamhurumia, akapakia maboksi yake. Hata hivyo, lile la mfano alimwachia. Chausiku alilipeleka nyumbani, akaliweka sebuleni bila kusema neno. Wiki ilipokwisha wifi yake alikuwa ameweka juu yake chungu cha maua.