Gari Lisitoke Bila Chumba Kujua

Kadi zilizopangwa mezani zilikuwa na vyeo na majina ya watu: Inspekta Japheth, Inspekta Abdurahman, na wengineo. Ya Twaiba iliandikwa "Mgeni" tu. Aliilaza kifudifudi, akaketi.

Ilikuwa mara ya kwanza wasimamizi wa chumba cha simu za dharura kuitwa kwenye mafunzo ya uongozi wa polisi, hotelini Diani. Twaiba, mzaliwa wa Gazi, hoteli hizo alizijua. Ujana wake aliumaliza akipokea simu za wageni, kabla ya kuajiriwa Kwale apokee simu za wenye shida na kuwatumia gari la doria. Alikuwa na sauti ya upole, hata mtu anayelia hutulia akaeleza. Kwa wakubwa, sauti hiyo haikuwa ikifika.

Jambo lake lilikuwa moja, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wakubwa walikuwa na desturi ya kuwapigia madereva kwa simu zao za mkononi na kuwatuma watakako, chumba kisijue. Mwezi uliopita mama mmoja wa Msambweni alipiga simu, wezi wanavunja mlango wa duka lake. Twaiba akamwambia, "Gari liko njiani, dada, usikate simu." Kumbe mkubwa mmoja alikwisha kuligeuza likamsindikize mgeni wake. Yule mama alingoja, simu sikioni, hadi mlango ukaanguka. Kishindo chake Twaiba alikisikia.

Basi alitaka kanuni moja tu: gari lisitoke bila chumba kujua. Christabel, mkufunzi kutoka bara, alimwahidi nafasi ya kusema siku ya mwisho, baada ya chai. Wakubwa wakikubali, kanuni ingeanza kazi. Kabla ya hapo alikuwa wa kutumwa. "Madam, hebu tuandikie kwa ubao." "Madam, waulize hao wa jikoni chai iko wapi." Alikwenda, akarudi, akameza.

Siku ya mwisho, kikombe hajakitia mdomoni, simu yake ililia. Alikuwa shangazi yake Mwanafatuma wa Bongwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wazima nyote? Watoto hawajambo? Huku si kuzuri. Watoto wa jirani yetu Ziro wamekuja na mapanga, wang'oa mipaka ya shamba letu. Nileteeni askari!"

"Shangazi, piga ile namba ya dharura niliyokubandikia ukutani."

"Namba ya nini, na wewe upo? Hiyo namba yanijua mimi?"

Nyuma ya sauti yake mtu alipiga ukelele. Mkono wa Twaiba ukaitangulia akili yake. Alimpigia Chande, dereva wa gari la doria la Diani.

"Chande, mwanangu, kimbia Bongwe kwa shangazi yangu. Chumbani nitawaambia mwenyewe."

Hakuwaambia. Christabel alikuwa ameshapiga makofi, watu warudi ndani, na nafasi ilikuwa yake.

Alisimama. Alieleza habari ya yule mama wa Msambweni, na safari hii walimsikiliza. Hata Inspekta Abdurahman aliweka simu yake chini.

"Wakubwa zangu, siombi kikubwa," Twaiba alisema. "Gari lisitoke bila..."

Redio iliyokuwa mezani mbele ya Japheth ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Griffin, kijana ambaye Twaiba alimwachia zamu chumbani.

"Inspekta, kuna ajali Kona ya Musa. Mtu wa bodaboda amegongwa na lori. Gari la Diani halipo. Chande anasema yuko Bongwe, ametumwa na Madam Twaiba. Mimi sina habari. Nitume nini? Ova."

Wote wakamgeukia Twaiba.

"Nyani..." Japheth akaanza.

"Haoni kundule!" wenzake wakamalizia, na kicheko kikapasuka.

Twaiba aliinyakua ile redio. "Griffin, mgeuze Chande sasa hivi!"

"Madam, watu wamekwisha kumbeba yule majeruhi kwa tuktuk. Mguu umevunjika."

"Sasa hiyo kanuni yako," Japheth akauliza, akijifuta machozi, "ianze kabla ya Bongwe ama baada ya Bongwe?"

"Chekeni! Lakini si mmeona? Mimi mwenyewe ninayeililia nimefanya yale yale! Ndiyo maana nataka iandikwe, imfunge kila mtu, na mimi..."

Hawakuwa wakisikia tena. Christabel aliandika ubaoni, "Litaangaliwa baadaye," akafungua mada nyingine.

Wenzake walipokuwa nje wakipigwa picha na vyeti vyao, shangazi alipiga tena.

"Mwenyezi Mungu akuweke, mwanangu! Ugomvi ulikwisha hata gari halijafika, wazee waliingia kati. Lakini Chande wako tumempa chai na mahamri. Waona sasa? Ndiyo maana twakupigia wewe."

"Shangazi," Twaiba alisema, sauti yake ya upole imemkauka, "kuna mtu amevunjika mguu akalikosa gari hilo. Mkinipigia mimi tena, sipokei. Pigeni namba."



"Haya, mwanangu, usikasirike. Hatutakusumbua. Chande ametuachia namba yake."