Wake Wenza Arobaini

Nilikuwa na wake wenza arobaini, wote wana mikia. Usicheke. Mume wangu Mbaraka anatunza panya weupe kwenye kituo kimoja cha utafiti hapa Kibaha, na nyumba yetu ya Kwa Mathias haikuwa na habari nyingine. Anaingia ananuka maranda ya vizimba, hata salamu hamalizi: "Namba kumi na nne leo kala vizuri." Mimi niliyeshindwa kula kwa kukosa pumzi, haniulizi.

Panya hao hudungwa sindano, na baada ya wiki chache mishipa ya mapafu yao hukaza, moyo ukasukuma damu kwa taabu mpaka ukavimba. Ndipo nusu yao hupewa dawa, wataalamu wajue itakayomfaa binadamu. Mbaraka aliwapima uzito kila asubuhi. Roho iliniuma, nasema kweli. Wivu wa panya! Ningemwambia nani?

Nilipozidiwa nilikwenda kwa mama, kijijini Chole, kule Kisarawe. Zahanati ya huko wakasema ni pumu. Mbaraka alipokuja kunichukua alinikuta natoka kisimani na ndoo nusu, nimesimama njiani mara tatu. Hakuipokea ndoo. Alinishika mkono, akazitazama kucha zangu zilizoanza kuwa za bluu, kisha mabega yangu yanavyopanda na kushuka.

"Unanitazama kama panya wako!" nilifoka.

"Ndiyo. Unapumua kama wao, Saida. Hii si pumu."

Nilimnunia njia nzima. Hospitali walipopima moyo wangu wakakuta alichokiona yeye: shinikizo la damu kwenye mapafu. Nikaanzishiwa vidonge.

Mwezi uliopita utafiti uliisha. Panya wote waliuawa ili mioyo yao ipimwe, waliopewa dawa na wasiopewa. Mbaraka ndiye aliyewashika, maana mkononi mwake hawahangaiki. Jioni akakaa kizingitini analia kwa kwikwi. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwahi kuona chozi lake hata moja. Wivu ukanipanda upya.

"Namba kumi na nne naye kafa?" nilimuuliza kwa kejeli. "Si alipewa dawa?"

"Alipewa, hiyohiyo unayokunywa wewe. Moyo wake tumeukuta mkubwa vilevile."

"Basi mlilie vizuri mke wako."

Akaushika mkono wangu, akazitazama kucha.

"Saida, hivi unadhani namlilia panya?"