Ndoo ya Bati

Shangazi yangu amefundisha uraia kwa miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo sasa humletea watoto wao awafundishe. Shuleni anaitwa Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo ndilo analowaambia wanaokimbia kwenye varanda, wanaogombania bomba la maji, na hata walimu vijana wanaotaka kumaliza mada zote kabla ya likizo. Hajawahi kulikubali jina hilo wala kulikataa. Anatembea nalo kama anavyotembea na miguu yake, ambayo huvimba ifikapo adhuhuri na kumlazimu kuvua viatu chini ya meza ya ofisi ya walimu, akidhani hakuna anayemwona. Sote tunamwona.

Mimi nafundisha ushonaji katika karakana iliyo nyuma ya madarasa ya shule hiyo hiyo. Karakana ina dirisha linalotazama varanda, na ndiyo sababu nayajua haya ninayoyaeleza.

Zamani viranja walichaguliwa ofisini, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili. Kiranja alitafutwa kama nguzo ya uzio inavyotafutwa: awe mrefu, awe mnyoofu, na asiulize kitu. Kisha sheria ya elimu ikabadilishwa. Ilisema mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyotufikia kwa uzito: msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani, na wanafunzi watachagua viongozi wao wenyewe kwa kura ya siri. Atakayeongoza kwa kura awe kiranja mkuu. Atakayemfuata awe msaidizi wake. Shangazi aliyasoma hayo mbele ya walimu wote, akaikunja miwani yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyepandishwa kilima kingine baada ya kudhani amefika, "Miaka yote nimefundisha demokrasia ubaoni. Sasa itabidi tuifanye."

"Basi uisimamie wewe," alisema Mkuu wa shule. Watu wakacheka, na kazi ikawa yake.

Walijitokeza wagombea watatu. Wa kwanza aliitwa Mlingoti, mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya shule, kijana mtulivu ambaye urefu wake pekee ungemtosha katika utaratibu wa zamani. Wa pili aliitwa Redio, na sababu ilijulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa naye dawati moja. Wa tatu alikuwa binti wa kinyozi.

Binti wa kinyozi alikuwa amerudi shuleni baada ya mwanawe kuanza kukaa mwenyewe bila kushikiliwa. Mtoto alishinda na bibi yake katika kibanda cha kunyolea cha babu yake, ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la shule. Wakati wa mapumziko geti lilifungwa, kwa hiyo binti alisubiri hadi kengele ya mwisho, na siku nyingine alivuka barabara akiwa amekumbatia daftari kifuani ili kuficha blauzi iliyolowa maziwa. Wenzake walimwita Mama Mtoto. Wengine walimtania kwa upendo, wengine kwa sumu, na yeye aliitika kwa namna moja tu: "Abee, mwanangu, umefanya kazi ya nyumbani?" Hapo hata mwenye sumu alicheka.

Alipoulizwa kwa nini anagombea, alitaja mambo mawili. Geti lifunguliwe wakati wa mapumziko kwa mwenye haja ya kweli. Na mlango wa choo cha wasichana upate komeo, maana kwa miaka yote msichana mmoja aliingia na mwingine akasimama nje kuushika.

Mkuu hakufurahi. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa simu. Alimwita Shangazi pembeni, karibu kabisa na dirisha langu.

"Mwalimu, unanielewa. Wazazi wakija asubuhi wakakuta mama mtoto ndiye anayewapanga watoto wao mstarini, simu napokea mimi, si wewe."

"Nakuelewa, Mkuu."

"Sitamzuia kugombea. Sheria naiheshimu. Lakini akishika mkia, yaani wenzake wenyewe wakionyesha hawamtaki, nitamwandikia uhamisho aende masomo ya jioni. Hapo nani atasema nimevunja sheria? Watoto watakuwa wamesema wenyewe."

Masomo ya jioni hufanyika upande wa pili wa mji, bila maabara, na huisha giza likiwa limeshaingia. Kila mwalimu anajua kwamba msichana mwenye mtoto akipelekwa huko huhudhuria wiki chache, kisha huacha shule bila hata kumpungia mtu mkono. Ni mlango wa nyuma wa kutokea, uliopakwa rangi nzuri.

"Acha kwanza wapige kura," alisema Shangazi.

"Taratibu, eh?" Mkuu akatabasamu.

"Taratibu," Shangazi akajibu, bila kutabasamu.

Jioni hiyo nilipita nyumbani kwake kumpelekea pazia aliloniagiza. Nilimkuta miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, na mumewe, dereva mstaafu, akimenya machungwa mbele yake.

"Mwangalie shangazi yako," mzee aliniambia. "Nilimwoa akiwa mwalimu, nikakubali. Sasa ameolewa tena na sheria. Mimi ni mke mwenza."

"Wewe menya machungwa," Shangazi alimwambia.

"Na hilo pazia la nini?"

"La kura. Nataka mtoto akiingia mle ndani, asionwe na mtu."

"Macho hayana pazia, mama."

"Ndiyo maana nimemwambia huyu alishone."

Alilipima kwa viganja, akakagua upindo wangu kwa kidole, akaridhika. Kisha akanieleza mpango wake wote, na nilimsikiliza kwa heshima kwa sababu ulikuwa umefikiriwa kama nguo ya harusi inavyofikiriwa. Kura haingeandikwa. Mwalimu huijua hati ya mwanafunzi wake kama anavyoijua sauti ya mama yake, na karatasi moja tu ingetosha kumfichua mtoto. Badala yake kila mwanafunzi angepewa kipande cha chaki mlangoni, vipande vyote vyeupe, vyote vya urefu mmoja. Angeingia peke yake nyuma ya pazia, akute ndoo tatu, kila moja na jina la mgombea juu yake, atumbukize chaki yake na kutoka kwa mlango wa pili. Madirisha yangefungwa. Mkuu angekaa varandani, mbali kiasi cha kutoona kitu.

"Hapo hakuna jicho litakalopenya," alisema, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. Mzee akamwekea kipande cha chungwa mkononi, nacho kikabaki pale pale. Alikuwa amelala.

Siku ya uchaguzi, ndoo ya tatu ilikutwa imepasuka. Zilikuwa za plastiki zote, na stoo haikuwa na nyingine. Shangazi alikwenda mwenyewe jikoni akaazima ndoo ya bati, akaisuuza, akaipanga mwisho wa mstari. Majina yalipopangwa mbele ya wote kwa kura ya kuchomoa, ndoo ya mwisho ikaangukia kwa binti wa kinyozi. Hakuna aliyekusudia jambo lolote.

Darasa lililotangulia likapanga foleni. Nilikuwa nakata kitambaa cha sketi pale dirishani, na mwanzoni sikuzingatia. Mtoto aliingia, akatoka. Mwingine akaingia, akatoka. Kisha ukasikika mlio mdogo, wazi kabisa.

Ting!

Foleni nzima ikaguna, "Oooh!" Mkuu, aliyekuwa akisoma gazeti kwenye kiti chake, akainua kichwa kumtazama msichana aliyekuwa akitoka kwa mlango wa pili. Alimtazama tu, kisha akarudi kwenye gazeti.

"Umegonga kengele, dada!" kijana mmoja alimpigia kelele. "Mapumziko yamefika?"

Foleni ikacheka. Shangazi, aliyekuwa amekaa mlangoni na boksi la chaki mapajani, alisema, "Taratibu, taratibu," kwa mazoea, kama mtu anayefukuza nzi. Hakuwa ameelewa bado. Maisha yake yote ya ualimu alikuwa amepambana na macho: macho yanayochungulia daftari la jirani, macho yanayosoma jibu kwenye kiganja. Alikuwa ameyafunga macho yote. Masikio hayakumjia akilini.

Darasa lililofuata lilipoingia, mlio ule ulikuwa umekaribia kukoma. Waliingia na kutoka kimya, mmoja baada ya mwingine, na varanda ikawa na ukimya usio wa kawaida kwa watoto wa rika lile. Aliyeuvunja alikuwa msichana mdogo wa umbo, rafiki wa binti wa kinyozi, ambaye alitoka akilia. Shangazi akamwita.

"Nini tena, mwanangu?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hakuna haitoi machozi. Sema."

Msichana akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Nilitaka kumpa yule. Chaki nimeishika juu ya ndoo yake kabisa. Halafu nikaona nitapiga kengele, na Mkuu amekaa pale. Nikaweka kwa Redio." Akashusha pumzi. "Na Redio simpendi hata kidogo."

Niliona uso wa Shangazi ukibadilika. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba maji kutoka mbali, akatua mzigo mlangoni, ndipo akaona tobo. Alibaki amekaa, na kwa kitambo nilidhani hatainuka. Madarasa mawili yalikwisha kupiga kura. Jua lilikuwa limepanda. Angeweza kuacha yaende yalivyo, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu hakuna aliyeona kitu.

Akaweka boksi chini, akashika kizingiti cha mlango, akasimama.

"Uchaguzi umesimama," alisema. "Tunaanza upya."

Vilio vikapanda. "Aaah, mwalimu! Jua hili!"

Mkuu akafika haraka, gazeti likiwa limekunjwa kwapani. "Mwalimu, kuna nini? Pazia lipo, madirisha yamefungwa. Nani ameona kura ya nani?"

"Hakuna aliyeona, Mkuu. Sote tumesikia."

"Kusikia si kuona."

"Sheria imesema kura ya siri. Haikusema siri ya macho peke yake." Akageukia foleni, akapaza sauti kidogo. "Kosa ni langu. Ndoo ile nimeileta mimi. Mliokwisha piga kura mtarudi, na mnisamehe."

Sijawahi kusikia mwalimu akiwaomba wanafunzi msamaha katika shule ile. Kelele zilikoma. Redio mwenyewe, ambaye mdomo wake haujui likizo, alisema tu, "Haya, tupange foleni."

Shangazi alikuja karakanani, akaegemea mlango wangu.

"Una vitambaa vizito?"

"Vipo mabaki ya makoti, Shangazi."

"Nipe vya ndoo tatu. Vitatu, si kimoja. Nikitandika moja tu, watasema nimempendelea."

Nilimkatia vitatu kwa kipimo kimoja. Alivitandika mwenyewe, akadondosha chaki katika kila ndoo, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama daktari anayepima kifua. Alipotosheka, chaki za mwanzo zikamwagwa nje mbele ya wote, na foleni ikaanza tena tangu mwanzo.

Ilichukua muda wote uliobaki wa siku. Shangazi aligawa chaki, kipande baada ya kipande, viatu vikiwa vimevuliwa na kuwekwa kando yake. Hakujali tena nani anaona. Mkuu alirudi kwenye kiti chake, lakini gazeti lilikuwa limemwishia, na kutoka nyuma ya pazia hakikutoka chochote cha kumfanya ainue kichwa.

Chaki zilihesabiwa uwanjani. Mlingoti alishinda. Wa pili alikuwa binti wa kinyozi, karibu sana nyuma yake, na Redio akaachwa mbali, akaangua kicheko na kusema kwamba hata mama yake asingempigia kura. Binti wa kinyozi hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliangalia upande wa geti, maana kengele ya mwisho ilikuwa imechelewa na mtoto alikuwa akimngoja.

Mkuu alimsogelea Shangazi. Wote wawili walionekana wazee kuliko asubuhi.

"Basi ni msaidizi," alisema.

"Ni msaidizi. Hawajamkataa, Mkuu. Ule uhamisho hauna msingi."

"Nimesikia."

"Hapana," Shangazi alisema taratibu. "Safari hii hukusikia kitu. Ndiyo maana."

Mkuu akamtazama, kisha, bila kupenda, akacheka puani. Uhamisho haukuandikwa. Komeo la choo liliwekwa wiki ile ile, kwani Mlingoti alilifunga mwenyewe kwa bisibisi ya baba yake. Kuhusu geti, Mkuu alikubali kwa sharti moja: awepo mwalimu wa kulisimamia kila mapumziko, na kwa kuwa walimu wengine wote walikuwa na kazi nyingi ghafla, alisema anayetaka geti lifunguliwe alisimamie.

Kwa hiyo sasa Shangazi hapumziki wakati wa mapumziko. Wenzake wakinywa chai, yeye yuko getini juani, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huku binti wa kinyozi akivuka barabara, akitoweka ndani ya kibanda, na kurudi kabla ya kengele akifunga vifungo vya sweta.

Siku moja kinyozi mwenyewe alivuka, makasi yakiwa bado mfukoni mwa aproni, na stuli ya wateja mkononi. Akaiweka kivulini kando ya geti.

"Shikamoo, mwalimu. Wateja wangu watasimama. Kaa."

"Marahaba. Nikikaa nitalala, baba."

"Lala. Mimi nitalitazama geti."

Shangazi aliitazama stuli ile kwa muda mrefu, kama anayetafuta kasoro yake. Kisha akakaa.