Mateka wa Mwisho kwenye Mstari

Alikuwa mwalimu wa darasa la saba, mwanamke mpole, mtu wa kukaa viti vya nyuma. Semina ya kufundisha historia ya vita ilipoanza chuoni, wakagawiwa kitabu kipya. Alikifungua tu, akauinamia ukurasa. Ilikuwa picha ya mateka wamekaa chini, mikono kichwani, na wa mwisho kwenye mstari alikuwa baba yake.

Marehemu baba hakuwahi kuligusia jambo hilo. Kwao, aliyekamatwa vitani alihesabiwa kuwa amejisalimisha, aibu ya ukoo mzima, na mama aliwaapisha wanawe wasitoe neno nje. Basi akafunga kitabu, akafunga na mdomo.

Siku ya somo la mfano, mmoja hufundisha na wenzake hujifanya wanafunzi, wasumbufu kama watoto wenyewe. Zamu ikamwangukia yeye, na picha ni ileile. Akamfuata mkufunzi mlangoni, akaomba abadilishiwe.

"Ukichagua wewe, mwalimu wangu, na wenzako watataka kuchagua," mkufunzi alimjibu kwa upole.

Akasimama mbele ya ubao. "Mnaona nini kwenye picha?"

"Mimi, mwalimu, mimi!" Alikuwa mwalimu mwenzake waliyembandika jina la Redio, maana hanyamazi hata akila. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini, kama kaptula ya shule. "Yule wa mwisho suruali yake imeloa. Kajikojolea."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mwoga huyo," mwingine akadakia kwa sauti ya kitoto.

Hawakuwa na ubaya. Waliagizwa wawe watoto, na watoto wangesema hivyohivyo. Yeye alishika ukingo wa meza. Maneno yalikuwa yamemfika kooni: huyo ni baba yangu, alinibeba mabegani.

"Mtu huogopa," alisema. "Wewe hujawahi kuogopa?"

Redio akashusha mkono. Kisha akauliza, safari hii kwa sauti yake ya utu uzima, "Aliitwa nani, mwalimu?"

Wote walimtazama. Akalimeza jina, kama mama alivyowafundisha.

"Hatujui. Jina lake halijulikani."

"Vizuri sana," mkufunzi akasema. "Mwalimu asipojua, aseme hajui. Liandikeni hilo."

Vichwa vikainama. Walimu wa kila wilaya wakaandika kwamba mtu yule hajulikani, wakawaambie watoto wao shuleni. Naye akawapa mgongo, akafuta ubao taratibu, ubao ambao hakuwa ameandika kitu juu yake.